Kura ya Majaruba

Bujiku alikuwa mtu wa kushuku. Akikuta jembe limehamishwa ukutani, aliuliza nani kapita. Mkewe akicheka peke yake jikoni, alitaka kujua anamcheka nani. Mtu wa namna hiyo anachosha, lakini tusimlaumu mno. Miaka mitatu mfululizo alikuwa amekosa jaruba la mpunga la karibu na lambo, bwawa la kijiji.

Kijiji chao kilikuwa kando ya barabara ya Ushirombo. Mwaka huo wa 1977, kaya thelathini zililima mpunga. Majaruba yaliyopata maji ya lambo yalikuwa kumi tu. Ishirini yalikuwa mbali, na mvua ikikatika mpunga wake ulikauka. Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya mvua, watu walipiga kura. Mwenyekiti Maganga alitia njugu mawe kumi na maharage ishirini ndani ya kibuyu. Kila kaya ilichota punje moja bila kuchungulia. Aliyetoa njugu alilima karibu na lambo. Aliyetoa harage alikwenda mbali.

Jilala, shemeji yake Maganga, alitoa njugu miaka yote mitatu. Tena yeye ndiye aliyekuwa akichota wa kwanza, kwa sababu nyumba yake ilikuwa mwanzo wa kijiji.

"Hapa kuna mkono wa mtu," Bujiku alisema kila siku. "Wa kwanza wanazimaliza njugu. Sisi wa mwisho tunaachiwa maharage."

Kura ya mwaka huo ilipangwa Jumapili, baada ya misa. Bujiku aliapa kwamba asiporuhusiwa kuchota wa kwanza, atakipasua kibuyu kwa rungu mbele ya watu. Mektilda, mkewe, alikosa amani. Mtu akivuruga kura, jina lake lilifutwa. Kaya yake haikupewa jaruba lolote, la karibu wala la mbali.

Ijumaa alasiri Mektilda alirudi kutoka kisomo, darasa la watu wazima. Alichukua kibuyu kidogo, akaketi uani na daftari lake. Bujiku alimwangalia kwa pembe ya jicho.

"Unafanya nini na kibuyu?"

"Hesabu ya nyumbani, Baba Ignas. Ametupa Mwalimu Philomena."

"Hesabu gani inataka kibuyu? Siku hizi kisomo kinafundisha ramli?"

"Si ramli. Sikiliza." Mektilda alisoma polepole, kidole kikifuata maneno. "Ndani ya chombo mna punje tatu zinazolingana. Moja ni nyekundu, mbili ni nyeupe. Watu watatu wanachota mmoja mmoja, bila kuangalia na bila kurudisha. Nani ana nafasi kubwa zaidi ya kupata nyekundu? Jaribuni mara thelathini."

"Wa kwanza," Bujiku alijibu papo hapo. "Hilo hata mbuzi analijua. Andika, yaishe."

"Mwalimu amesema tujaribu."

Mektilda hakuwa na punje nyekundu. Akaona atumie zile za kijijini, njugu moja na maharage mawili. Walimwita Salvina, mama yake Bujiku, aliyekuwa akichambua choroko. Bujiku alidai kuchota wa kwanza. Mama yake alifuata, na Mektilda akawa wa mwisho.

Bujiku alitoa harage. Mama yake akatoa njugu. Walirudia. Bujiku harage, mama yake njugu. Walirudia tena na tena. Mara chache Bujiku alibahatisha. Lakini kila alipokosa, njugu ilitoka na mama yake. Mektilda hakupata hata moja.

Bujiku aliweka kibuyu chini. "Mayu," alimwambia mama yake, "unanifanyia nini?"

"Nimekufanyia nini, mwanangu?"

"Unachungulia."

"Kwa macho gani?" Salvina aliinua uso. Macho yake yote mawili yalikuwa na ukungu wa uzee. "Si mmesema tutafute njugu? Njugu ni ya mviringo, harage ni refu. Nimebangua njugu tangu sijaolewa na baba yako. Vidole vinaijua."

Bujiku aliitwaa ile njugu, akaipapasa.

"Kumbe," Bujiku alisema taratibu. "Ndiyo maana Jilala akitia mkono kibuyuni, hautoki upesi." Akainuka kufuata rungu lake.

Mektilda alimwahi mlangoni. "Baba Ignas, ukimpiga mtu leo, Jumapili tumefutwa. Tutakula michembe mwaka mzima. Kesho twende kwanza kwa Mwalimu."

Bujiku alihema kama ng'ombe aliyelima. Hasira haikumwisha, lakini michembe alikuwa ameichoka. Viazi vilivyokaushwa, asubuhi na jioni, alivila mwaka jana mpaka akavichukia. Akaliacha rungu.

Kesho yake walimkuta Mwalimu Philomena akifagia darasa. Bujiku alikataa kuketi. Alitaka kujua kwanza kama Mwalimu ana undugu na Maganga. Alipohakikishiwa kwamba hana, akaketi.

Mektilda alieleza yote. Mwalimu alitabasamu.

"Hesabu ilisema punje zinazolingana, Mama Ignas. Nyinyi mmetumia zisizolingana. Lakini kosa lenu limetufunza jambo. Punje zikitambulika kwa vidole, hiyo si kura tena. Ni kuchagua."

"Wa kwanza je?" Bujiku aliuliza. "Hata zikilingana, si yeye mwenye nafasi kubwa?"

"Tuhesabu. Mkichota mara thelathini, wa kwanza ataipata nyekundu kama mara kumi. Sawa?"

"Sawa. Punje ni tatu, nyekundu ni moja."

"Zinabaki mara ishirini ambazo nyekundu bado imo. Na punje zilizobaki ni mbili. Wa pili ataipata nusu ya hizo."

"Mara kumi."

"Na wa tatu?"

Bujiku alihesabu kwa vidole, akarudia. "Kumi," alisema bila kupenda. "Wote sawa."

"Wote sawa. Wa mwisho hapunjwi."

"Na mimi kukosa miaka mitatu?"

"Si ajabu. Katika kaya thelathini, kwa bahati tupu, kama nane au tisa zitakosa hivyo hivyo. Na moja hivi itapata miaka yote mitatu. Kwa hiyo kupata kwa Jilala peke yake hakuthibitishi wizi. Kesho msimtaje mtu. Tajeni punje."

Jumapili watu walikusanyika. Mektilda alisimama.

"Mwenyekiti, shikamoo."

"Marahaba, Mama Ignas. Kuna nini?"

"Naomba mkwe wangu ajaribu kibuyu kabla hatujaanza."

Watu walicheka kidogo. Salvina alitia mkono, akatoa njugu. Akatia tena, akatoa njugu nyingine. Alipotoa ya tano, hakuna aliyecheka. Maganga aliduwaa. Kibuyu kile na punje zile alivirithi kwa mwenyekiti aliyemtangulia, na hakuwahi kufikiria habari ya vidole. Jilala aliangalia viatu vyake.

Mwalimu Philomena alileta punje thelathini za mahindi, zote za ukubwa mmoja. Kumi zilitiwa wino mwekundu, zikakaushwa. Maganga alizipapasa akiwa amefumba macho, akashindwa kuzitenganisha. Zilitiwa kibuyuni, zikatikiswa sana.

Jilala alichota wa kwanza. Mkono wake ulikaa ndani muda mrefu, ukatoka na nyeupe. Wengine wakafuata. Febronia, mjane ambaye naye hakuwahi kupata, alitoa nyekundu akaishika kwa mikono miwili.

Maganga alimwita Bujiku. "Njoo basi, wewe uliyetaka kutangulia."

"Nitachota wa mwisho," Bujiku alijibu.

Watu walitazamana. Alingoja mpaka kibuyu kikabaki na punje moja, na kwa hesabu ya watu nyekundu zilizotoka ni tisa. Ilipobaki yake, alitia mkono. Akaitoa punje ile, akafungua kiganja.

Ilikuwa nyeupe. Waliohesabu walikuwa wameruka moja, maana ya kumi ilikuwa kwa jirani aliyekwisha kuifunga kwenye kitambaa.

Wakati wa kurudi, Mektilda alimwongoza mkwewe kwa mkono na kungoja mume wake aanze kulalamika. Bujiku alitangulia, akiigeuzageuza punje yake kiganjani. Walipofika uani, Salvina aliuliza, "Tumepata?"

"Tumekosa, Mayu."

"Mkono wa nani safari hii?"

Bujiku aliitazama punje aliyorudi nayo nyumbani. "Wangu," alisema. Kisha akachukua jembe kwenda kuliona jaruba la mbali.