Jabali Lililoitikia Shikamoo

Jumapili ile ilianza kama Jumapili nyingine. Watu walitoka kanisani, wengine wakaenda kunywesha ng'ombe, na Damari akabaki uani akifunga kuku na viazi vitamu kwenye kitambaa, kwa sababu Mzungu alitaka kwenda kula porini. Ndiyo, kula porini, na nyumba zipo. Damari mwenyewe ndiye aliyemsimulia haya shangazi yangu, jirani yake wa Utemini kule mjini, na shangazi si mtu wa kutia chumvi, hata kwenye mboga.

Mzungu huyo alikuwa Mbelgiji, fundi wa kuchimba visima, na watu walimwita Bwana Yosefu. Kijiji kilikuwa kipya, upande wa Sepuka, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi, maana ndio mwaka ule wa operesheni, watu wametolewa makwao na kuletwa kuishi pamoja. Yosefu alieleza, nusu kwa maneno nusu kwa mikono, kwamba kwao Ubelgiji, huko mashambani, nchi ya vilima na misitu, Jumapili watu hutoka na vikapu vya chakula. Wanatembea, wanaendesha baiskeli, wanapiga makasia mtoni, wanapanda majabali, halafu wanarudi nyumbani. Watu wakamuuliza wanafuata nini huko. Akasema hawafuati kitu, wanatazama tu. Kijiji kizima kilicheka. Mzee mmoja akauliza kama labda ng'ombe wao wamepotea na wanaona aibu kusema.

Anselm, mume wa Damari, hakucheka. Yeye alikuwa mwenyekiti wa kijiji, na kisima alikitaka kichimbwe karibu na mlango wake. Akamwambia Mzungu atampeleka kwenye ziwa la magadi akaone ndege. Yosefu akakataa. Akanyoosha kidole kwenye majabali makubwa upande wa mawio, akasema anataka yale. Damari alimwona mumewe akiyageuzia mgongo.

Chini ya majabali yale ndiko Anselm na Damari walikoishi kabla ya kuhamishwa. Siku ya kuhama, lori lilipofika, Anselm alitaka awe wa kwanza kupakia ili wengine waige. Akapakia mtama, akapakia kuku, akapakia kitanda chake cha chuma ambacho hakuna mwingine aliyekuwa nacho. Kitanda kilipoingia, nafasi ikaisha. Mama yake, Bibi Luciana, alikuwa amekaa mlangoni kwa tembe juu ya ngozi ya ng'ombe, miguu yake imekufa tangu miaka mingi.

"Nisubiri hapa, mama," Anselm akamwambia. "Narudi kukuchukua."

"Mimi sina miguu, mwanangu," bibi akajibu. "Ningekuwa nayo ningewafuata."

Lori likaondoka. Nyuma yao bibi akaita, "Damari! Damari!" Damari alisikia. Hakugeuka. Alikuwa amempakata mwanawe Leah, akajiambia kesho si mbali. Kesho ikaja na mvua, keshokutwa ikaja na mkutano, halafu Anselm akawatangazia watu kwamba mama yuko Itigi kwa dada yake. Basi. Ukishasema uongo wa namna ile mbele ya watu, utakwenda kumtazama nani?

Leah alikuwa na miaka saba. Damari alikuwa amezika wawili kabla yake, huyu ndiye aliyembakia, na alimlea kwa adabu mpaka majirani wakamtania kwamba mtoto wake anaamkia hata sanamu ya kufukuzia ndege shambani. Siku hiyo Leah alitaka kwenda majabalini kwa sababu Mzungu alimwahidi biskuti. Damari angesema nini mbele za watu? Akajitwika kapu, wakaenda.

Walipanda vizuri. Kulikuwa na upepo, na kule juu ziwa lilionekana likimetameta kwa mbali. Yosefu alikuwa na furaha kweli, akipiga picha kila kichaka, akimsifu Damari kwa kuku wake. Damari alijikaza asitazame chini, mwishowe akatazama. Paa la tembe lilikuwa limeporomoka. Ngozi ya ng'ombe ilikuwa bado pale mlangoni, haina mtu. Kuzunguka ngozi ile uwanja ulikuwa umefagiliwa, na mistari ya ufagio ilikuwa ya asubuhi ile.

Hakumwambia mtu. Yosefu naye alikuwa ameshasimama mbele ya jabali kubwa, akieleza kwamba kwao kuna jabali kama hili, watu hupaza sauti nalo huwajibu. Akaweka mikono mdomoni.

"Hoooo!"

"Hoooo!" likajibu jabali.

Leah akashangaa, macho yamemtoka. Mtoto hajui mwangwi. Yeye aliona kuna mtu mzima mle ndani ya jiwe, na mtu mzima haachwi hivi hivi bila salamu. Kabla Damari hajamziba mdomo, Leah alikwisha kupiga magoti.

"Shikamoo!"

Jabali likanyamaza. Upepo nao ukatulia.

"Marahaba," likasema.

Yosefu akapiga makofi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji na misumari, lakini salamu alikuwa amefundishwa, na kwa hesabu yake jibu lilikuwa sawasawa. Anselm alisimama na kipaja cha kuku mkononi. Aliijua sauti ile. Damari pia aliijua.

"Na waliokuleta?" jabali likauliza, taratibu, kama mtu anayeongea kutoka chumba cha pili.

Damari akafungua mdomo. Anselm akamshika mkono kwa nguvu, akatikisa kichwa. Hakuna aliyesalimia. Walikusanya vyombo wakateremka mbio, na Mzungu nyuma yao akiuliza kulikoni.

Njiani Leah alijikwaa. Akajikwaa tena. Walipofika mtoni akasema miguu imelala. Walipofika nyumbani ilikuwa baridi kama mtungi, na kwenye vifundo vyote viwili kulikuwa na alama za vidole, rangi ya majivu. Damari alizisugua kwa sabuni na maji ya moto. Hazikutoka.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Maneno matamu hayo. Hapa aliyevunjika guu ni mtoto aliyeamkia vizuri, tena kwa magoti.

Yosefu aliwapeleka hospitali ya misheni kwa gari lake. Wakampima, wakamchoma sindano miguuni, asisikie kitu, wakawarudisha nyumbani. Leah mwenyewe hakulia. Alimwambia mama yake kwamba bibi hana ubaya, ameishikilia miguu tu. Anataka baba aende akamwamkie. Akimwamkia ataiachia.

Damari akamwomba mumewe. Akamwomba kwa upole, akamwomba kwa machozi, akapiga magoti kama alivyopiga mtoto. Anselm akajibu kwamba hayo ni mambo ya kishenzi na yeye ni kiongozi. Lakini jasho lilikuwa likimtoka. Ndipo Damari akanyanyuka, akasema kwa sauti ndogo:

"Basi kesho kwenye mkutano nitawaambia watu mama yako yuko wapi."

Asubuhi yake Anselm alimbeba Leah mgongoni. Alimkataza Damari asifuatane nao, akisema haya ni mambo ya damu. Mtoto alimpungia mama yake mkono mpaka wakapotea kwenye vichaka. Damari alikaa mlangoni akisubiri kumwona mwanawe akirudi kwa miguu yake.

Jua lilipokuwa kichwani, Anselm alirudi. Alikuwa peke yake, anapangusa vumbi kwenye suruali.

"Umemwamkia?" Damari akauliza.

Alikwenda kwenye mtungi, akanywa maji, akafuta mdomo.

"Nimemwacha pale mlangoni kwa tembe," akasema. "Bibi yake amwangalie. Nimemwambia anisubiri, narudi kumchukua."

Damari aliyajua maneno hayo. Alikimbia bila kanga ya kichwani, bila viatu. Miba ilimchoma. Hakusimama. Alipofika, uwanja ulikuwa umefagiliwa. Hakukuwa na mtoto. Hakukuwa na alama ya mtoto kutambaa. Hata ngozi ya ng'ombe haikuwepo.

"Leah!" akaita.

"Leah!" jabali likajibu, kwa sauti yake yeye mwenyewe Damari, kama mwangwi unavyotakiwa kujibu. Alikaa chini akalia kwa ahueni, akidhani jiwe limerudi kuwa jiwe.

Kisha, kutoka ndani:

"Abee, mama."

Aliita mpaka sauti ikakauka. Kila alipoita, Leah aliitika kwa adabu. Hakutoka.

Watu walikuja, wakatafuta kila pango, Yosefu akiwa mbele yao analia kama mtoto. Hawakupata hata uzi wa gauni. Damari hakurudi tena chini ya paa la Anselm, alilala kwa jirani pale kijijini. Na huyo jirani ndiye aliyeziona kwanza nyayo. Zilitokea upande wa majabali mpaka kwenye mlango wa mwenyekiti, nyayo za mtoto, zimezama kwenye udongo kama za mtu mzima aliyebeba mzigo. Za kurudi hazikuwepo. Anselm alizifagia mwenyewe kila alfajiri, akisema ni kuku. Siku moja hazikufagiliwa. Waliuvunja mlango. Kitanda cha chuma kilikuwa kitupu, na juu yake imetandikwa ngozi ya ng'ombe.

Damari alihamia Utemini, akapanga chumba, akawa anauza vitumbua. Alidhani mjini ni mbali. Lakini yeye pia aliitwa siku ile ya lori, na hakugeuka.

Shangazi yangu ameziona kwa macho yake, asubuhi, mbele ya mlango wa Damari. Ni nyayo ndogo, zimezama, zimeelekea ndani. Zina kovu la mwiba kwenye kidole gumba, na kovu hilo Damari analijua, kwa sababu mwiba ule alimtoa Leah yeye mwenyewe. Hazifagii. Huinama akazishika zote mbili kwa viganja, akabaki hivyo. Kama aliyekuja ni mkwewe, inabidi amwamkie. Kama ni mwanawe, inabidi asubiri kuamkiwa. Hajui ni yupi, na mpaka leo hajathubutu kufungua mdomo.