Sauti Iliyomfikisha Bi Khamisa Ukutani

Kila alasiri Riyama akirudi skuli, kabla hajavaa buibui lake la kwendea chuo cha Kurani, mama yake humpa sahani iliyofunikwa kawa ampelekee Bi Khamisa, jirani yao wa mlango wa pili. Bi Khamisa haoni tangu ujana wake. Lakini mlio wa ndara za Riyama huutambua tangu zikiwa kwenye kona, na kabla mtoto hajapiga hodi huwa keshasema, "Karibu, Riyama. Leo umechoka, unaburura miguu."

Mwaka huo ulikuwa wa uchaguzi. Mwalimu Anwar wa klabu ya kompyuta aliwataka wanafunzi wake watengeneze kitu cha kuwafaa majirani. Riyama, aliyekuwa darasa la saba, akatengeneza programu ya simu inayoeleza habari za kupiga kura: kituo kiko wapi, kinafunguliwa lini, na mtu achukue nini. Kwa kuwa alimfikiria Bi Khamisa, akaifanya iseme kwa sauti.

Chaguzi zote za nyuma Bi Khamisa alikuwa akishikwa mkono na mpwa wake, Muhiddin. Sasa Muhiddin amehamia Pemba kikazi. "Mwaka huu nataka nende mwenyewe," alisema Bi Khamisa. Kwanza ilimpasa afike kituoni kuhakikisha jina lake limo kwenye daftari la wapiga kura, na mwisho wa kuhakikisha ulikuwa Alkhamisi alasiri. Jina lisipokuwemo, siku ya kura atarudi nyumbani vivi hivi.

Riyama akaitia programu kwenye simu ya Bi Khamisa na kuifungulia sauti. "Nenda kaskazini mita mia mbili," ilisema simu, "kisha geuka mashariki."

Bi Khamisa aliinamisha kichwa akasikiliza mpaka mwisho. "Mashaallah. Maridadi, mwanangu. Mungu akuzidishie."

"Umeifahamu, Bi Khamisa?"

"Nimefahamu."

Siku ya pili Mwalimu Anwar akamwuliza, "Umeijaribu na mtu asiyeona?"

"Naam, mwalimu. Ameifahamu yote."

Hakusema kwamba Bi Khamisa aliisikiliza akiwa amekaa juu ya busati, wala hakupiga nayo hata hatua moja.

Basi Riyama akawa anangoja. Kila akipeleka sahani huuliza, "Ushakwenda?" Mara jua lilikuwa kali. Mara goti. Mara Bi Khamisa anamwuliza habari za masomo, na maneno yanaishia hapo. Riyama hakuelewa. Kama programu ni nzuri, mbona haitumiwi? Akaipekua upya kutoka juu hadi chini, na kila alipobonyeza, ilisema vilevile alivyoiagiza. Kosa akalikosa.

"Labda haipendi," alisema rafiki yake Faiza.

"Kasema maridadi."

"Bibi yangu naye alilisifu biriani langu. Halafu nikawakuta paka wanalila uani."

Riyama hakucheka. Alizidi kuchanganyikiwa.

Alkhamisi alipopeleka sahani, akakuta mlango wa Bi Khamisa umefungwa kwa kufuli. Akaiacha sahani kwa mama yake, akatoka mbio kuifuata njia ambayo programu ingeelekeza. Alipita vichochoro, akakata kona, akamkuta Bi Khamisa nyuma ya jengo la kituo, ameukabili ukuta, simu mkononi. "Umefika," ilisema simu. "Umefika."

Pembeni yake alisimama Masoud, muuza juisi ya miwa. Ameiacha mashine yake na wateja wake, ameshika kipande cha boksi kumkinga bibi kichwa na jua. "Nimemwambia hapa hapana mlango," alisema, "ananambia mtoto wa jirani yake hawezi kukosea."

Simu ililijua jengo, haikuujua mlango, na mlango ulikuwa upande wa pili.

"Bi Khamisa, huu ni ukuta wa nyuma. Nimekosea mimi."

"Aa. Mimi nilidhani hawajafungua." Bi Khamisa akaipapasa hewa mpaka akaupata mkono wake. "Hiyo kaskazini, mwanangu, nimeiuliza kwa kila mtu. Wote wamenionyesha kwa kidole. Nikaja nikipapasa kuta, mpaka sauti ikasema nimefika."

"Mbona hukunambia kama hukufahamu?"

"Ulikuwa na furaha. Nani atamvunja moyo mtoto kwa kazi ya mikono yake?"

"Ukienda na Muhiddin mlikuwa mnapita wapi?"

"Tunafuata harufu ya mkate wa tanuri mpaka panapopiga upepo, ndiyo njia panda. Hapo unashika baraza ya mkono wa kushoto. Ikikatika, ndio mlango."

Wakarudi mpaka penye harufu ya mkate, wakaenda hivyohivyo, Bi Khamisa mbele. Karani alikuwa keshaanza kukusanya makaratasi. Alipomwona bibi anapapasa kizingiti, akavuta kiti, akampa akae, akafungua tena daftari bila ya kunung'unika. Alipitisha kidole polepole.

"Khamisa Hasan Simai," alisema karani. "Umo, bibi."

Kesho yake Riyama alimweleza Mwalimu Anwar ukweli wote. Mwalimu hakumgombeza. Alifuatana naye mpaka kwa Bi Khamisa, akaketi barazani.

"Riyama," alisema, "anayekusifu huenda anakupenda tu. Ukitaka kumsaidia mtu, mwulize kwanza yeye njia yake anaijuaje. Na jambo ambalo hukulijaribu, sema sijalijaribu. Ungenambia kweli, tungeijaribu njiani mapema; neno lako moja kwangu lingeweza kumkosesha bibi kura yake."

"Na mimi nina fungu langu," alisema Bi Khamisa. "Nilidhani nakufanyia wema kwa kunyamaza. Wema uliomficha mtu kosa lake haujakamilika."

Wiki ile Riyama alirikodi maelekezo upya, kwa alama ambazo Bi Khamisa mwenyewe alimtajia. Kisha wakatoka pamoja kuyajaribu, Riyama nyuma, kimya, mikono mgongoni ili asije akamshika. Walipofika nusu ya kichochoro, Bi Khamisa alisimama.

"Hapa si sawa. Inanambia nimefika njia panda, na upepo bado sijausikia. Tena ina haraka, kama inakimbizwa. Rudia."

Riyama akakaa kwenye kizingiti cha watu, simu mapajani, akaanza kurekebisha. Kwa mara ya kwanza alijua hasa kosa lake liko wapi.