Akiba ya Vidole Vitatu

Suruali ya Spea ilichanika saa nne asubuhi, ndani ya lifti iliyokwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, mbele ya watu saba.

Alikuwa amechuchumaa, fundi wa watu, akihangaika na nyaya za vitufe. Praaa! Mama mmoja akakohoa kikohozi cha uongo.

"Usisimame, kaka'angu," sauti ikasema nyuma yake. "Ukisimama itafika magotini."

Lifti nzima ikaangua kicheko. Mwenye sauti alikuwa binti wa gauni la kijani, tepu ya kupimia imening'inia shingoni kama mkufu, sindano yenye uzi mweusi imechomekwa kwenye ukosi. Akapiga magoti akaanza kushona palepale.

"Uzi mweusi, suruali nyeusi," akasema. "Kabla haijachanika Mungu alishanipandisha lifti hii."

"Si angeizuia tu isichanike?"

"Ungenijuaje?"

Spea akachomoa bisibisi ya pili begini, akazirudia nyaya. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu begi lake lilikuwa na kila kitu viwili: tochi mbili, bisibisi mbili, hata miavuli miwili. Baba yake alikufa ghafla, na tangu siku ile Spea alikuwa akitazama kila kitu, hata binadamu, na kujiuliza kitaharibika lini.

Mapenzi yalipokolea, mshonaji yule alikuwa akipigiwa simu cherehani ikiwa bado inanguruma.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula."

"Na kesho utakula nini?"

"Spea jamani! Kesho mwenyewe hajabisha hodi, wewe umeshamwekea sahani?"

Akamshonea suti ya bluu ya kuiva, bila kuagizwa.

"Sina pa kuivaa," Spea akalalamika.

"Pa kuivaa pako njiani. Aliyenipa wazo la kuishona anapajua. Nyoosha mkono."

Wakaendelea hivyo, huyu anahangaika, yule anacheka, hadi alasiri moja ya mawingu. Spea alipita kumpelekea mwavuli wake wa pili. Alipofika mlangoni pa chumba cha ushonaji, akamsikia akiongea na simu, mgongo umegeukia mlango.

"Tulia, mama. Hata huyu akileta matatizo dakika za mwisho, akiba ipo. Iko ndani, haionekani na mtu. Binadamu habaki alivyo, ndiyo maana mimi siku zote naweka akiba!"

Moyo wa Spea ukadondoka kama lifti iliyokatika waya. Kumbe! Amewekewa mwingine wa akiba, na mama mtu anajua! Akauegemeza mwavuli mlangoni, akashuka ngazi mbili mbili.

Jioni simu yake ililia mpaka ikachoka. Mara moja tu akapokea. "Mpigie akiba wako!"

"Akiba gani?"

Akakata, akaifungia namba.

Miezi miwili mizima Spea hakukaa akatulia. Alizunguka chumba akitafuna mkate, akasimama dirishani akitafuna mkate, akaamka alfajiri akautafuta mkate. Walionenepa kwa raha wapo wengi. Yeye alinenepa kwa hasira.

Ikafika siku ya ndoa ya mdogo wake wa kike. Baba hayupo, kaka ndiye wa kumpeleka madhabahuni. Saa tatu asubuhi akaitoa ile suti. Kifungo na tundu lake vikatazamana kwa mbali kama mashemeji waliogombana.

"Kaka, uko wapi?" bibi harusi akalia kwenye simu. "Ibada saa tano!"

"Nakuja, mdogo wangu, nakuja!"

Akakimbilia kwa fundi wa jirani, mama mmoja mnene, mdomo wake haupumziki kama cherehani yake.

"Imenibana, mama. Najua suti iliyobana haiponi..."

"Nani kakwambia?" Mama akafumua mshono kwa wembe. Akapiga mluzi. "Nani kakushonea?"

"Mtu tuliyeachana."

"Umeachana na mtu aliyekuwekea akiba namna hii?"

"Akiba?"

"Hii hapa, mwanangu. Kitambaa cha ziada ndani ya mshono, hakionekani mpaka siku ukikihitaji. Upana wa vidole vitatu! Sisi wengine tunaacha kimoja, tena kwa kinyongo. Huyu alikuandalia kitambi ungali mwembamba."

Iko ndani, haionekani. Spea akakaa juu ya rundo la vipande vya vitambaa.

"Mama, mimi mjinga."

"Hilo halishoneki. Inua mikono nikupime."

Akapiga simu, mkono mmoja hewani.

"Nani?"

"Mimi. Spea."

"Spea gani? Si ulisema nimpigie akiba?"

"Kumbe akiba ya kwenye mshono! Nilisikia ukiongea na simu, nikadhani mwanaume..."

"Nilikuwa naongea na mama wa bibi harusi mmoja, mteja wangu! Mwanawe alikuwa ananenepa kila wiki!" Akacheka sana, kisha kicheko kikakatika. "Miezi miwili, Spea. Neno moja tu ungeuliza."

"Nisamehe, mpenzi. Nilikuwa nahangaikia kitakachoharibika, kumbe Mungu alishakishonea dawa kwa mkono wako, nami nimeivaa. Njoo kanisani. Saa tano."

"Kwa notisi hiyo, nivae nini?"

"Lile la kijani."

Simu ikakatika.

Spea alimpeleka mdogo wake madhabahuni akigeuka nyuma kila hatua mbili, bibi harusi akimfinya mkono. Benchi zimejaa, wa kijani hakuna. Ibada ikaisha, vigelegele vikalipuka, watu wakamiminika nje, na pale ngazini akamwona, gauni la kijani, mwavuli mkononi.

"Nimekuletea mali yako," akasema.

"Nina swali."

Hakumsikiliza. Akapenyeza vidole ndani ya koti lake, akaupapasa mshono wa ubavuni.

"Fundi aliyeufungua anajua kazi. Umetumia viwili. Kimebaki kimoja."

"Cha nini?"

"Cha kitambi cha ndoa. Haya, uliza swali lako."