Neno Alilompa Marv

Simu ililia tena wakati Lavonne Dykhuis akigeuza soseji kwenye kikaango. Alijifuta mkono kwenye aproni, akaipokea, akasikiliza kidogo.

"Hapana, mwanangu, bado sijaamua," alisema. "Ndiyo, hata jana nilikuambia hivyo. Na kesho nitakuambia hivyo hivyo. Mungu akubariki." Akaikata.

Mumewe, Arlo, alikuwa mezani akinywa kahawa. Alikuwa ametoka kulisha nguruwe, na masikio yake yalikuwa bado mekundu kwa baridi.

"Huyo alikuwa wa nani?" aliuliza.

"Wa yule mfanyabiashara, Renner. Kijana ana sauti tamu kweli. Angekuwa anauza mbegu za mahindi, ningenunua."

Ilikuwa Januari, katika jimbo la Iowa, Marekani. Jumatatu iliyokuwa inakuja, wanachama wa Chama cha Republican wangekutana katika kila mtaa na kila kijiji. Wangeandika jina la mtu wanayetaka agombee urais kwa niaba ya chama chao. Iowa huwa ya kwanza kuchagua kati ya majimbo yote. Kwa hiyo wagombea walikuwa wamejaa kila mahali, migahawani, makanisani, hata kwenye minada ya ng'ombe. Wengi walikuwa wameshakata tamaa na kurudi makwao. Walibaki watatu: Seneta Haddon, Gavana Marlene Stroud, na huyo Renner.

Lavonne alikuwa hajaamua. Arlo aliamua tangu Agosti.

Mwezi huo, kwenye maonyesho ya kaunti, Seneta Haddon alikaa naye kwenye benchi karibu na banda la nguruwe. Walikula nyama ya kuchoma. Arlo alimweleza kwamba ndugu yake alikuwa mgonjwa sana. Seneta alivua kofia, akamshika bega, akasali. Hapakuwa na mpiga picha. Arlo hakusahau. Siku ile ile alitia sahihi kadi ya kusema kwamba atamuunga mkono.

Kisha akaja Marv Te Slaa, rafiki yake tangu shule ya Jumapili. Marv alikuwa na duka la chakula cha mifugo, na ndiye aliyewaongoza watu wa Haddon pale mjini. Katika mkutano wa uchaguzi, kila mgombea husemewa na jirani mmoja kabla ya kura. Lakini Marv aliogopa kusema mbele za watu kuliko alivyoogopa radi.

"Utasimama wewe," Marv alisema.

"Nitasimama," alijibu Arlo.

Wakapeana mikono. Katika mji ule watu hukodishana mashamba kwa kupeana mikono tu. Kwa hiyo jambo lilikuwa limekwisha.

"Hebu nisikie utakachosema," Lavonne alisema, akimwekea soseji.

Arlo alikohoa kidogo. "Seneta Haddon ni mtu wa sala. Alisali pamoja nami."

"Halafu?"

"Halafu nakaa."

"Arlo, hata mchungaji wetu ni mtu wa sala. Lakini mpe trekta uone. Ataiingiza mtaroni."

Arlo alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Lavonne hakucheka.

"Atafanya nini kuhusu hospitali?" aliuliza.

Arlo alifuta kahawa iliyomwagika. Binti yao, Janelle, alikuwa na mimba ya miezi saba. Hospitali ya mji ilikuwa imetangaza kwamba huenda wodi yake ya wazazi ikafungwa. Hospitali ya pili ilikuwa mwendo wa saa nzima kwa gari, hali ya hewa ikiwa nzuri. Kukiwa na theluji, hakuna aliyejua.

"Sijamuuliza," Arlo alikiri.

"Alhamisi anakuja maktaba. Muulize."

Alhamisi maktaba ilijaa. Watu walisimama katikati ya makabati ya vitabu, makoti yao yakichuruzika maji. Arlo alinyoosha mkono. Seneta Haddon alimtambua mara moja.

"Bwana Dykhuis! Ndugu yako anaendeleaje?"

"Alifariki mwezi wa kumi, Seneta."

"Pole. Pole sana." Seneta aliinamisha kichwa kwa muda. "Niambie swali lako."

Arlo aliuliza juu ya hospitali. Seneta hakuzungukazunguka.

"Sitakudanganya, mzee wangu. Serikali inatumia fedha isizo nazo. Nikiwa rais, nitapendekeza msaada kwa hospitali ndogo upunguzwe. Nyingine zitaungana. Nyingine zitafungwa. Heri ulisikie leo kutoka kwangu."

Baadhi ya watu walipiga makofi. Marv alipiga makofi kuliko wote.

Arlo na Lavonne walirudi kwenye pikapu yao. Arlo aliwasha gari, akakaa tu, mikono juu ya usukani.

"Amesema kweli," alisema.

"Amesema kweli kabisa," alisema Lavonne. "Nimempenda zaidi kuliko zamani."

"Lakini sikubaliani naye."

"Hata mimi."

"Na Marv nimeshampa neno langu. Na kadi nimetia sahihi." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nikimwacha Haddon, mimi ni mwongo. Nikimsemea, mimi ni mwongo vile vile."

Usiku ule alisali kwa muda mrefu kuliko kawaida. Hakupata jibu, ila wazo moja lilimjia: aende kwa Coralee Brandsma.

Coralee aliishi nyumba ya tatu kutoka kwao. Alikuwa amefundisha uraia katika shule ya sekondari kwa miaka mingi, na sasa ndiye mwenyekiti wa mkutano wa uchaguzi pale mjini. Ijumaa aliwakaribisha wote wawili jikoni, akawawekea keki ya tufaha.

"Kwanza mjue," alisema, "mimi siwaambii mumchague nani. Hata mume wangu sijamwambia, na amejaribu kunihonga kwa maua."

"Maua gani haya ya Januari?" aliuliza Lavonne.

"Ya plastiki! Ndiyo maana hakufaulu."

Arlo alimweleza yote. Coralee alisikiliza bila kumkatiza.

"Tuanze na kadi," alisema. "Kadi ile si kiapo. Si sheria. Watu wa kampeni huitumia kujua wana wafuasi wangapi na nani wa kumpigia simu. Jumatatu utapewa karatasi tupu. Utaandika jina, utaikunja, utaitia ndani. Haina jina lako. Hakuna atakayejua, na hakuna awezaye kukulazimisha. Mtu anaruhusiwa kubadili nia mpaka dakika ile kalamu inapogusa karatasi. Kampeni ni ndefu kwa sababu hiyo, ili tusikie zaidi."

"Kwa hiyo naweza kumwandika mwingine?"

"Unaweza. Lakini usimkimbilie mwingine kwa sababu umemkasirikia wa kwanza. Wapime wote kwa kipimo kimoja. Umemuuliza Haddon juu ya hospitali. Stroud na Renner, je?"

Arlo alitazama keki yake. "Hapana."

"Basi waulize. Ofisi zao ziko wazi mpaka Jumapili. Wakikujibu, usiishie kwenye maneno. Tazama alifanya nini alipokuwa na madaraka. Halafu jiulize kama rais ana uwezo huo kweli. Rais hawezi kuamuru wodi yetu ifungwe au ibaki. Anapendekeza bajeti, na Bunge ndilo linaloamua. Akikuahidi kwamba ataiokoa peke yake, huyo anakuuzia upepo."

"Na tangazo la televisheni linalosema Stroud alipandisha kodi?" aliuliza Lavonne.

"Nani alilipia tangazo hilo?"

"Sijui."

"Mwishoni huandikwa kwa herufi ndogo. Soma, kisha ukatafute habari yenyewe. Pengine ni kweli. Pengine ni nusu ya kweli. Na msitafute mgombea atakayewatosha kama shati la kushonewa. Hayupo. Kila mmoja atawabana mahali. Ninyi mnachagua mnaweza kuvumilia kubanwa wapi."

Arlo aliuliza jambo la mwisho kwa aibu. "Na Marv?"

Coralee aliweka uma chini. "Hilo halina sheria. Hilo ni la kwako na Marv."

Siku ile na iliyofuata, simu ya akina Dykhuis ilifanya kazi kinyume. Sasa wao ndio waliopiga. Kijana wa Renner alisema bosi wake angeziokoa hospitali zote siku ya kwanza. "Kwa uwezo gani?" aliuliza Lavonne. Kijana akasema atauliza, kisha hakupiga tena. Mwanamke wa kampeni ya Stroud alisema gavana alipandisha kweli kodi ya mafuta katika jimbo lake. Arlo aliguna, maana matrekta yake yalikunywa mafuta kama ndama wanavyonyonya. Lakini Lavonne alipotafuta habari zaidi aliona kwamba gavana huyo alikuwa ameweka fedha za wakunga na magari ya wagonjwa vijijini. Hospitali mbili zilifungwa hata hivyo. Nyingine nyingi zilibaki.

"Kodi ya mafuta itaniuma," alisema Arlo.

"Itakuuma," alikubali Lavonne.

"Lakini naweza kuvumilia."

Kisha akasema, "Nimefikiri. Jumatatu nitamsemea Haddon, maneno mawili tu, kama nilivyoahidi. Kisha nitamwandika Stroud kimyakimya. Marv hatajua."

Lavonne alimtazama. "Na ukipiga magoti kabla ya kulala, utaanzia wapi?"

Arlo alichukua kofia yake.

Marv alikuwa dukani akipanga magunia. "Mhubiri wangu!" alipaza sauti. "Hotuba iko tayari?"

"Marv, siwezi kumsemea Haddon. Nitamwandika Stroud. Nimeona nikuambie uso kwa uso."

Marv aliacha gunia lianguke. "Unanitania."

"Sikutanii."

"Keshokutwa ndiyo Jumatatu, bwana! Nani atasimama?"

"Wewe."

"Mimi? Mimi niliyesahau jina la mke wangu siku ya harusi yangu, mbele ya mchungaji?"

"Ulilikumbuka baadaye."

"Usinichekeshe, Arlo. Nimekasirika." Marv alikaa juu ya magunia. "Tulipeana mikono."

"Tulipeana. Ndiyo maana nimekuja. Ninakuomba uniachilie neno langu. Haddon ni mtu mwema, sitasema vibaya juu yake. Lakini Janelle atajifungua mwezi wa tatu, na mimi sikubaliani naye. Nikisimama kumsemea, nitakuwa nawadanganya majirani zetu, na nitakuwa nakudanganya wewe."

Marv aliinuka, akalirudisha gunia lililoanguka mahali pake.

"Nenda," alisema mwishoni. "Nimekuachilia. Lakini leo usiniombe kahawa."

Jumatatu baridi ilikata kama wembe. Hata hivyo ukumbi wa michezo wa shule ulijaa kabla ya saa moja jioni, kwa sababu saa hiyo mkutano huanza. Mlangoni watu walionyesha vitambulisho. Wasiokuwa wameandikishwa katika chama waliandikishwa pale pale. Coralee aligonga meza, wakasali, kisha akaita wasemaji.

Marv alisimama kumsemea Haddon. Alikuwa na karatasi mkononi. Alisoma mstari mmoja, akapotea, akaikunja na kuitia mfukoni.

"Jamani, mnanijua," alisema. "Sijui kusema. Haddon hatumii fedha asizo nazo, na mimi ninaendesha duka hivyo hivyo. Nina imani naye. Basi."

Watu walipiga makofi kwa nguvu. Arlo naye alipiga.

Renner alisemewa na kijana mmoja. Kisha Coralee aliuliza, "Gavana Stroud? Kuna wa kumsemea?" Hakuna aliyeinuka. Lavonne alimgusa Arlo kwa kiwiko, si polepole.

Arlo alisimama. "Seneta Haddon alisali pamoja nami, na nitamshukuru siku zote," alisema. "Nilimuuliza juu ya wodi yetu ya wazazi, akanijibu kweli. Kwa jibu hilo nimeona sikubaliani naye. Stroud alipandisha kodi ya mafuta, na mimi siipendi. Lakini wakunga wa vijijini kwake wapo. Pimeni wenyewe." Akakaa.

Watu waliandika, wakakunja, wakatia karatasi kwenye ndoo ya aiskrimu iliyooshwa. Zilihesabiwa mbele ya wote. Haddon alishinda pale mjini. Stroud alikuwa wa pili, karibu sana. Renner alifuata.

Wengi walivaa makoti wakaanza kutoka, wakidhani yamekwisha.

"Ngojeni!" aliita Coralee. "Bado tunachagua wajumbe wa mkutano wa kaunti. Huko ndiko chama kitakakoandika yale kinayoyataka. Mambo ya hospitali, barabara na shule yataanzia huko. Nani ana jina?"

Ukumbi ulikuwa umebaki na watu wachache. Marv alisimama tena. Safari hii hakuwa na karatasi.

"Nina rundo la kadi za Haddon nyumbani," alisema. "Kura alizopata usiku huu hazifiki idadi ya kadi hizo. Waliobadili nia ni wengi, na ni haki yao. Lakini aliyekuja kunitazama machoni na kuniambia ni mmoja tu. Nilimkasirikia, na bado sijampa kahawa. Ila kama kuna mtu wa kutusemea huko, nataka awe yule ambaye akiniambia jambo, najua ndilo hilo. Namtaja Arlo Dykhuis."

Mikono yote iliinuka. Arlo aliinamisha kichwa, midomo yake ikitembea bila sauti, na Lavonne akajua anasali. Alimwacha amalize. Kisha akachukua kalamu, akamwandikia jambo la kwanza atakalolipeleka kwenye mkutano wa kaunti: wodi ya wazazi.