Mito ya Fundi Makochi

Mtaani kwetu hakuna asiyemjua Fundi Makochi. Kiti kikibonyea, yeye hukinyanyua. Kochi likichanika, yeye hulivalisha upya. Hushona huku akiimba, na sauti yake, tusidanganyane, ni mbaya.

Siku moja aliona damu kwenye choo chake. Hakumwambia mtu. "Ni bawasiri tu," alijisemea. "Hili benchi la kazini ni gumu mno." Basi akafanya anachokijua. Akakata sponji, akajishonea mto. Damu ikarudi. Akashona mto mnene zaidi, akauweka juu ya ule wa kwanza. Damu ikarudi tena.

Mke wake alipoleta chai, alicheka. "Baba watoto, mbona umepanda juu hivyo? Unataka kugusa dari?"

Fundi hakucheka. "Mke wangu, nikienda haja kubwa naona damu. Naogopa."

"Twende kwa mdogo wangu. Yeye ni muuguzi."

"Nimweleze shemeji habari za choo? Bora nife!"

"Basi utakufa kweli," mke alisema, machozi yakimlengalenga.

Fundi akavaa viatu.

Shemeji mtu alimsikiliza, kisha akatabasamu. "Shemeji, usione haya. Kila siku nasikia habari za matumbo ya watu. La kwako si la dhahabu."

"Kwani si bawasiri?"

"Huenda ni bawasiri. Lakini mto haupimi ugonjwa. Ukiona damu, au choo kikibadilika na kisirudi kawaida, muone daktari. Saratani ya utumbo mpana inaua watu wengi duniani. Mara nyingi huanza na kinyama kidogo ndani ya utumbo. Kinakua polepole, miaka mingi, bila maumivu. Kikitolewa mapema, hakipati nafasi ya kuwa saratani."

"Na mimi nisiye na dalili?" mke aliuliza.

"Dada, ukifika miaka arobaini na tano, ulizia kipimo hata kama huumwi. Kama ndugu wa damu aliwahi kuugua, anza mapema zaidi."

Hospitalini Fundi alipewa dawa ya kusafisha tumbo. Kisha daktari akamchunguza ndani kwa kamera nyembamba. Akakuta kinyama, akakitoa hapo hapo. Majibu yalipotoka, hakikuwa saratani. Fundi alifurahi akaanza kuimba, mpaka wauguzi wakamwomba anyamaze.

Siku hizi sahani yake ina mboga, maharage na matunda. Nyama nyekundu ameipunguza, sigara ameiacha. Jioni anatembea na mkewe. Na daktari amempangia lini arudi kupimwa tena.

Ile mito miwili je? Aliibeba mwenyewe hadi hospitalini, akaitandika kwenye benchi la wagonjwa.

"Kaeni, jamani," aliwaambia. "Mito hii ni ya kumsubiria daktari. Kutibu haitibu, nimeshaijaribu."