Majibu ya Marehemu Profesa

Jumanne, saa kumi alasiri, muuguzi wa kliniki ya watoto alipiga hodi nyumbani kwa profesa akiwa na karatasi moja mkononi. Uso kwa uso hawakuwahi kuonana. Mwaka mzima alikuwa amesoma kwake kwa simu, kila akimaliza kazi za nyumbani, katika kozi ya utunzaji wa chanjo inayotolewa na kitengo cha masomo ya mtandaoni cha chuo kikuu. Alikuja kumwomba jambo moja tu: Ijumaa asubuhi aje mbele ya kamati ya nidhamu aseme, "Naam, jibu hili nimeliandika mimi."

Mama mmoja wa makamo akafungua mlango.

"Karibu, mwanangu. Unamtafuta nani?"

"Shikamoo, mama. Namtafuta profesa. Mimi ni mwanafunzi wake."

"Marahaba. Mwanafunzi wake wa lini?"

"Wa sasa hivi, mama. Wiki iliyopita tu kanisahihishia zoezi."

Mama akashika mwimo wa mlango. "Mwanangu, mume wangu tulimzika mwaka jana. Mwezi ujao anatimiza mwaka na nusu."

Jamani! Piga hesabu mwenyewe. Siku muuguzi yule alipojiandikisha na kuandikiwa, "Karibu sana, mimi ndiye mwalimu wako," mwalimu mwenyewe alikuwa na miezi mitano chini ya udongo. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Hawakukaa hata kunywa maji. Mjane alijitupia mtandio, wakaenda wote wawili kituo cha polisi.

Kesi ilimwangukia inspekta mmoja mwanamke ambaye wenzake walimwita Subira, kwa kejeli tu, maana subira hakuwa nayo hata chembe. Aliisoma ile karatasi mara mbili, kisha akamkazia macho muuguzi.

"Haya, Sista. Anza mwanzo. Usirembe."

"Friji la kliniki liliharibika, afande. Usiku mmoja likagandisha chanjo zote. Asubuhi zikayeyuka, nikaziona sura yake ni ile ile. Msimamizi wetu alikuwa likizo. Nikamwuliza mwalimu kwenye kozi: zimeganda, zimeyeyuka, nadhani bado zinafaa, niko sahihi? Haikupita saa moja, akajibu hivyo unavyosoma."

Inspekta akasoma kwa sauti: "Uko sahihi kabisa. Endelea hivyo hivyo."

"Nikaendelea, afande. Nikachanja watoto. Miezi mitatu baadaye kifaduro kikaingia mtaani kwetu, na wengi waliougua ni wale niliowachanja mimi. Kuna kachanga kamoja kako wodini, kanapumulia mashine mpaka leo. Mimi nimesimamishwa kazi. Ijumaa saa tatu wanaamua kama nifukuzwe na kufutiwa leseni."

"Na wewe muuguzi mzima hukujua kwamba chanjo ile ikishaganda imekufa?"

"Nilikuwa na shaka. Ndiyo maana nikauliza. Asiye na shaka haulizi, afande."

Inspekta akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni.

Jumatano saa mbili asubuhi alikuwa mlangoni mwa kitengo. Ghorofa ya pili, zulia jipya, viti vya kuzunguka, na ukutani televisheni kubwa kama mlango. Ilikuwa na rangi ya kijani kibichi, na juu yake maandishi: HAKUNA SWALI LINALOLALA.

"Hiyo ndiyo fahari yetu," alisema meneja wa kitengo, mtu nadhifu, tai imenyooka. Watumishi walimwita Bwana Mteja kwa sababu hajawahi kutamka neno "mwanafunzi". Kwake wote ni wateja. "Mteja akiuliza, inageuka nyekundu. Akijibiwa, kijani. Hapa nyekundu hailali. Na sheria yangu ya kwanza: mteja haambiwi hapana."

"Na marehemu? Anajibuje kutoka kaburini?"

Meneja akainamisha kichwa kwa huzuni iliyopigwa pasi. "Afande, hata mimi nimeshtuka. Baada ya msiba niliagiza mwalimu msaidizi aishike kozi. Nilijua anajibu kwa jina lake. Kumbe! Kikulacho ki nguoni mwako."

Inspekta alipomuuliza nani waliijua nywila ya marehemu, ilionekana ni watu wanne tu. Fundi wa video, kijana wa kamera, ndiye aliyefungua akaunti. Mjane alikuwa akimwandikia mumewe majibu alipolazwa. Mwalimu msaidizi alikuwa akimsaidia. Na meneja alikuwa na nywila za walimu wote, eti kwa ajili ya huduma. Kampuni ya mtandao nayo ilisema barua ya polisi, ya kuuliza majibu yalitumwa kutoka wapi, itajibiwa baada ya wiki mbili. Kamati ilikuwa inakaa baada ya siku mbili.

Saa tano inspekta alikaa na mwalimu msaidizi.

"Uliitumia akaunti ya marehemu baada ya mazishi?"

"Mara moja, afande. Nilichukua picha za masomo nilizozichora mimi mwenyewe."

"Mara moja tu? Meneja anasema alikukabidhi kozi nzima."

"Mimi? Nilimwomba anipe, akaniambia bodi haikubali mtu asiye profesa, kozi inafungwa! Akanihamishia masomo mengine. Leo nasikia ilikuwa hai muda wote!"

"Neno lako dhidi ya lake."

"Najua. Na mimi ndiye niliyenyimwa nafasi, kwa hiyo ndiye mwenye kinyongo. Nikiwa wewe ningeshanifunga pingu."

Fundi wa video alikuwa mwepesi kutoa jasho. "Mimi naambiwa pandisha video ya profesa, napandisha. Bwana Mteja alisema familia imeridhia na kuna mwalimu wa mkataba anajibu maswali."

"Ulimwona huyo mwalimu wa mkataba?"

"Hapana, afande. Hapa watu wengi wa mkataba hatuwaoni."

Mjane ndiye aliyempa inspekta kazi ngumu zaidi. Simu ya marehemu ilikuwa mezani kwake, imewashwa, chaji imejaa.

"Mama, marehemu ana mwaka na nusu. Simu yake unaichajia nini?"

Mjane aliichukua simu. Kisha akabonyeza, na sauti nzito ya kiume ikajaa sebule ikieleza namna ya kupanga friji la chanjo. "Masomo yake yamo humu. Naisikiliza nikipika. Hiyo nayo ni kosa?"

"Si kosa, mama. Nisamehe. Na familia iliridhia masomo haya yaendelee kutumika?"

"Nani alituuliza? Hakuna aliyekanyaga hapa tangu matanga." Akaizima simu kwa hasira. "Nionyeshe hayo majibu anayosingiziwa mume wangu."

Inspekta akampa bunda zima la maswali na majibu aliyolichukua kitengoni. Mjane alisoma kurasa chache, akalisukuma pembeni. "Huyu si yeye. Mume wangu neno lake la kwanza lilikuwa 'hapana', hata ukimwuliza kama ameshiba. Huyu kila mtu anamwambia yuko sahihi."

Jioni ile inspekta alisoma yote. Kweli kabisa. Mmoja kauliza kama chanjo fulani ikae rafu ya juu. Yuko sahihi kabisa. Mwingine, siku iyo hiyo, kauliza kama chanjo ile ile ikae rafu ya chini. Naye yuko sahihi kabisa, aendelee hivyo hivyo. Mwalimu msaidizi alikuwa ameishika fani ile miaka kumi. Hata kama angekuwa na kinyongo asingeweza kujibu ovyo namna hii bila kujisaliti mahali kwa neno moja la kitaalamu. Anayejibu hajui chanjo wala hajali. Na hakuwa akisoma hata maswali yenyewe. Watu wazima, wauguzi, mama za watu, wanajinyima usingizi ili waelewe kazi yao, na upande wa pili kuna mtu anabonyeza tu ili rangi igeuke! Inspekta alitupa karatasi sakafuni, akazunguka chumba, akaziokota mwenyewe.

Alhamisi saa nne na robo aliwaita wanne wote kwenye chumba cha mikutano cha kitengo, penye televisheni nyingine kama ile ya mapokezi. Wakaguzi wa bodi ya vyuo walikuwa wanatarajiwa saa tano, na meneja alikuwa kama kuku anayetaka kutaga.

"Simu zote mezani," alisema inspekta. "Hata ya marehemu. Koplo wangu atazikalia."

Wakaziweka. Meneja aliweka yake ya kwanza, kwa madaha.

Saa nne na nusu, televisheni ikageuka nyekundu. *Utunzaji wa chanjo. Maswali yasiyojibiwa: 2.*

Mjane aliitazama tu. Mwalimu msaidizi akasema, "Akaunti ya profesa hiyo. Kuna mwanafunzi anauliza." Fundi akainama asitazame mtu. Meneja alitazama televisheni, akatazama saa, akatazama televisheni tena. Jasho lilimtoka chini ya pua.

"Afande," akasema, "wageni wangu wako njiani. Naomba nikahakikishe chai."

"Nenda, baba. Chai ni muhimu."

Alitoka mikono mitupu. Simu yake ilibaki mezani, na nadhani ndiyo iliyompa ujasiri: jibu likija huku simu za wote zimekaliwa na polisi, mwizi si lazima awe mtu wa nje? Akili nyingi huondoa maarifa.

Dakika tatu hazikupita. Televisheni ikawa kijani.

Inspekta alisimama. "Twendeni tukanywe chai."

Ofisi ya meneja ilikuwa mlango wa pili. Hakukuwa na birika wala kikombe. Kulikuwa na Bwana Mteja mbele ya kompyuta yake, na juu ya kioo picha ya marehemu profesa akitabasamu, chini yake majibu mawili ambayo hayajapoa.

"Mwalimu, chanjo ya pepopunda iliyoganda nadhani inatupwa. Niko sahihi?" inspekta alisoma. "Jibu: uko sahihi kabisa, endelea hivyo hivyo. Swali la pili: mwalimu, chanjo ya pepopunda iliyoganda nadhani inafaa. Niko sahihi? Jibu: uko sahihi kabisa, endelea hivyo hivyo. Haya maswali yametumwa kutoka kwenye korido yako, na Sista na mwenzake wa darasani. Watu wanne walikuwa na nywila. Watatu walikuwa wamekaa na mimi."

"Nilikuwa nafungua tu, nione—"

"Usinitanie!"

Meneja akafungua kifungo cha shati. Alipoanza kusema hakusema kama mtu aliyekamatwa. Alisema kama aliyeonewa. "Mnajua kibali cha bodi kilikuwa kwa jina la nani? La profesa! Hakuna profesa, hakuna kozi. Kupata mwingine ni mwaka mzima wa vikao. Hii ndiyo kozi iliyobeba kitengo. Ningeiacha ife, ningerudishwa kuhesabu viti stoo. Nimeokoa ajira za watu hapa! Na hakuna mteja aliyelalamika. Hata mmoja! Wote waliridhika!"

"Wataachaje kuridhika," alisema mwalimu msaidizi, "na kila mtu unamwambia anachotaka kusikia?"

"Mume wangu umemfanya muongo," mjane alisema. "Maisha yake yote hakusema uongo, wewe umemsemesha akiwa kaburini."

Sista alikuwa amesimama mlangoni. Hakupaza sauti. "Kuna mtoto ana miezi mitano, alikohoa mpaka akageuka bluu. Nilimchoma sindano mimi, kwa mkono huu, kwa sababu yako."

"Dada yangu, mimi si mtaalamu wa chanjo. Ningejuaje?"

"Ungeandika hujui! Neno moja tu, bwana! Ningezitupa zile chupa!"

Meneja alitazama juu ya bega la koplo, kuelekea mapokezi, ambako wakaguzi wa bodi walikuwa wameshaingia na wanaisifia ile televisheni. Alivalishwa pingu mbele yao. Mkaguzi mmoja aliuliza kuna nini, na inspekta akamkabidhi lile bunda la majibu, akamwambia asome kwa sauti, tena asiruke hata moja. Nao wana lao la kujibu: walikipa kitengo kibali mwaka hadi mwaka bila kuuliza mwenye jina yu hai au la.

Ijumaa saa tatu inspekta alitoa ushahidi mbele ya kamati ya nidhamu, na mjane akaja kukaa karibu na Sista, ingawa hakuitwa. Kamati ilimrudisha kazini. Ilimpa onyo pia, kwa kutumia chanjo ile bila kumpigia simu msimamizi wake hata kama yuko likizo. Sista alilitia sahihi onyo bila kubisha. Mwalimu msaidizi alikuwa ameshaanza kuwapigia wanafunzi wa kozi, mmoja mmoja, awaambie ni majibu gani wasiyafuate.

Inspekta alidhani Sista angekwenda nyumbani kulala. Akaenda wodini. Mama wa yule mtoto alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, macho mekundu kwa kukesha, na alipomwona Sista alisimama njiani kumzuia asipite.

"Wewe! Umefuata nini hapa?"

"Nimekuja kukwambia mwenyewe, dada. Chanjo niliyompa mwanao ilikuwa imeharibika. Niliulizia, nikadanganywa, lakini aliyechoma ni mimi."

Nyuma ya mama mashine ilikuwa inavuta na kupuliza.

"Mwanangu atapona?"

Kila mtu wodini pale alikuwa ameshamwambia ndiyo, atapona, asijali: wauguzi, mama mkwe, hata mfagiaji.

"Sijui, dada," alisema Sista. "Daktari naye bado hajui."

Mama aliziba mdomo kwa kanga, akalia kwa mara ya kwanza tangu walazwe. Kisha akasogea pembeni ya kitanda, akamwachia Sista nafasi ya kukaa.