Matonge Meusi na Mkarafuu wa Ukoo

Kondo alikuwa na shoka kali na uamuzi mkali zaidi. Alisimama uani kwake, Kinole, akiutazama mkarafuu kwa uso wa hakimu.

"Kuni zimekwisha," alitangaza. "Msitu wa hifadhi haukatwi. Mkaa ni ghali. Kesho naukata huu."

Mkewe, Mwanahawa, aliweka ungo chini. "Mti huo aliupanda bibi yangu. Ardhi hii ni ya ukoo wetu. Wewe ni mkwe hapa, baba Rehani. Umemwuliza mjomba, msimamizi wa ardhi ya ukoo?"

Kondo alikohoa. Hakuwa amemwuliza. "Mjomba naye anakula vilivyoiva," akasema.

Jirani yao Nasra, afisa kilimo wa kijiji, aliyasikia hayo. Akabisha hodi.

"Shemeji, nipe wiki mbili. Mkaa mnao. Mnautupa kila siku." Akaonyesha rundo la magunzi ya mahindi na majani makavu ya migomba.

"Wiki mbili," alisema Kondo. "Siku ya kumi na tano, nakata."

Walichoma takataka hizo ndani ya pipa. Ziliposhika moto vizuri, Nasra alilifunika pipa ili hewa isiingie. Zikawa mkaa badala ya majivu. Zilipopoa, wakazitwanga zikawa unga mweusi.

"Sasa gundi," alisema Nasra. "Kwa kilo kumi za unga huu, pika uji mwepesi wa nusu kilo ya unga wa muhogo. Changanya, finyanga, anika." Kisha akaenda mkutanoni.

Kondo alidharau. "Uji ni wa wagonjwa." Akasonga ugali. Akauchanganya na unga mweusi, akafinyanga matonge makubwa kama ngumi, akayaanika kwa fahari.

Kuku waliyadonoa. Yaliyobaki, yalipowashwa, yalifuka moshi mpaka Kondo akatokwa machozi mbele ya watu.

"Pole kwa msiba, shemeji," alisema Nasra. "Ugali ukizidi, tonge halikauki ndani. Tumia uji. Bonyeza tonge mkononi: likishikana bila kutoa maji, linatosha. Lifanye dogo. Lianike mpaka likauke kabisa."

Zilibaki siku nane. Mwanahawa alipika uji mwenyewe. Kondo alifinyanga. Jua liliwaka siku tano mfululizo.

Siku ya kumi na nne, Mwanahawa aliwasha jiko nje, penye hewa. Akabandika maharage, chakula kisichomhurumia mwenye moto mdogo. Matonge yaliwaka taratibu, bila moshi. Maharage yakaiva, na moto ukabaki wa kuchemshia chai.

Kondo alikula sahani mbili. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mkarafuu ubaki."

"Sikusikia," alisema Mwanahawa.

"Nimesema mkarafuu ubaki!"

Mwanahawa alikuwa amesikia tangu mara ya kwanza. Alitaka tu na majirani wasikie.